Peugeot 504 ya Mombasa: Tathmini ya Gari Kongwe kwa Mtu Anayetaka Kuliendesha

Peugeot 504 ninayoitathmini hapa ni sedani ya petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 1,971 na kabureta ya Solex, iliyounganishwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1970. Niliinunua ili niiendeshe, si ili niifunike turubai na kuifunua wageni wanapokuja. Kwa hiyo ninalipima gari hili kwa maswali mawili kwa pamoja: je, linaweza kubaki kama lilivyotoka kiwandani, na je, linaweza kunipeleka Nakuru Ijumaa jioni na kunirudisha Nairobi Jumapili bila wasiwasi? Jibu langu ni kwamba maswali hayo hayagombani kwa kiasi ambacho watu wengi hudhani. Sehemu kubwa ya kasoro nilizozikuta haikutokana na uzee wala na uhandisi wa Kifaransa, bali ilitokana na marekebisho ambayo gari lilifanyiwa miaka mingi iliyopita kwa nia ya kulisaidia.

504 ilizinduliwa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka 1969 ikatangazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu ilirithi jina zuri kutoka kwa Peugeot 404, gari lililoitangulia, ambalo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Nayataja mashindano hayo kwa sababu yanaeleza jambo ambalo mmiliki wa leo hulihisi kila anapotoka kwenye lami. Springi zenye mwendo mrefu, magurudumu ya nyuma ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake, na usukani mwepesi usiopoteza mwelekeo kwenye changarawe, vyote vimo katika gari la kawaida la familia. Ndugu yake wa aina ya stesheni wageni, lenye ekseli ngumu ya nyuma na safu tatu za viti, ndilo lililobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya kabla ya enzi ya matatu za Nissan, na wazee wengi wanalikumbuka kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya mashindano.

Magari yetu yaliunganishwa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa, na kazi hiyo iliendelea muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani ya 504 mwaka 1983. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mtu anayejali asili ya gari lake. Gari lililounganishwa Mombasa halikuwa nakala kamili ya lile la Sochaux, kiwanda cha Peugeot kule Ufaransa. Vitu kama betri na matairi vingeweza kutoka katika viwanda vya hapa nchini, usukani uko kulia, na gari lilitayarishwa kwa ajili ya vumbi na barabara mbovu. Mtu anayeagiza kutoka Ulaya vitambaa vya viti na vijiti vya mapambo vya toleo la Ufaransa, kisha akasema amelirudisha gari katika hali yake ya kwanza, amelivisha historia isiyokuwa yake. Mimi nimeacha viti vyangu vya plastiki inayofanana na ngozi kama vilivyo, pamoja na mshono mmoja uliofumuka na kushonwa tena kwa mkono, kwa kuwa ndivyo gari hili lilivyoishi.

Injini ndiyo sababu ya kwanza ya kulinunua gari hili. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi ni ya alumini, nayo imelazwa upande mmoja ili boneti iwe chini. Mitambo ya valvu inaendeshwa kwa mnyororo, si kwa mkanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kwa ratiba. Kwa kuwa silinda hedi ni ya alumini, viti vya valvu, yaani pale valvu inapokaa ikijifunga, ni vyuma vigumu vilivyopachikwa visivyotegemea risasi ya petroli kuvilinda, na ndiyo maana kuondolewa kwa petroli yenye risasi nchini Kenya, kulikokamilika katikati ya miaka ya 2000, hakukuiumiza kama kulivyoziumiza baadhi ya injini za Kiingereza za zama zake zenye hedi ya chuma. Pale ambapo injini hii inahitaji fundi anayeijua ni kwenye laina za silinda, yaani ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Laina hizo zimesimama ndani ya maji ya kupoza injini, na kinachozuia maji yasiingie kwenye oili ni muhuri mwembamba ulioko chini yake. Fundi akifungua silinda hedi lazima azibane laina mahali pake kabla ya kuizungusha krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Laina ikinyanyuka hata kidogo, muhuri huharibika, na gari lililoingia gereji kwa ajili ya gasketi moja hutoka likiwa na maji kwenye oili. Kabla hujamkabidhi mtu yeyote injini hii, mwulize atazibana laina kwa kitu gani. Asipokuwa na jibu, mshukuru na uondoke na gari lako.

Upozaji ndio uwanja ambao mgongano kati ya asili na matumizi unasemwa sana, na ambao kwa maoni yangu asili inashinda waziwazi. 504 ya petroli ilikuja na feni yenye klachi ya sumaku-umeme: injini ikiwa baridi feni haishikani na mkanda, na maji yakifika joto lililopangwa swichi iliyoko kwenye rejeta huipa klachi umeme na feni ikaanza kuvuta hewa. Ni ubunifu wa busara uliookoa mafuta na kupunguza kelele miaka mingi kabla ya feni za umeme kuenea. Katika gari langu klachi hiyo ilikuwa imefungwa kwa boliti ili feni izunguke wakati wote, na thermostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto, ilikuwa imetolewa kabisa, jambo ambalo gereji nyingi za kwetu hulifanya kama desturi. Matokeo yake yalikuwa injini isiyopata joto lake asubuhi za Limuru, iliyokunywa petroli kupita kiasi, na ambayo bado ilipanda joto kwenye msongamano wa Mombasa Road kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu. Rejeta ilifunguliwa na kusafishwa, thermostati mpya ikawekwa, swichi na burashi za klachi zikabadilishwa, na mfumo ukajazwa maji safi yaliyochanganywa na kipoza chenye kinga ya kutu badala ya maji ya bomba. Tangu hapo sindano ya joto husimama katikati na kubaki hapo. Hakuna kifaa chochote cha kisasa kilichohitajika. Kwa wenzetu wa Pwani nasisitiza zaidi suala la maji, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi huila alumini ya silinda hedi kutoka ndani, na uharibifu huo huonekana tu wakati umechelewa.

Giaboksi ya gia nne inahitaji neno moja tu, lakini ni neno muhimu. Inatumia oili ya injini, si ile oili nzito ya gia ambayo mafundi wengi humimina kwa mazoea. Ukiona gia ya pili inagoma asubuhi, mwaga oili iliyomo na uweke iliyopendekezwa na kiwanda kabla ya kukubali kwamba giaboksi imekwisha. Difu, yaani mtambo wa gia ulioko nyuma kati ya magurudumu, ndiyo inayotaka oili nzito. Propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, nayo imefungwa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, kwa hiyo kubadilisha klachi ni kazi ndefu kuliko katika Toyota, na fundi anayekutajia bei ya klachi ya Toyota hajalijua gari hili.

Kwenye umeme wa kuwasha injini nimekubali kubadilisha. Nimeweka kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya pointi na kondensa, yaani vipuri vya zamani vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche, ndani ya distribyuta ileile, chini ya kifuniko kilekile, bila kutoboa tundu lolote. Anayefungua boneti haoni tofauti. Dereva anaiona, kwa maana gari huwaka mara moja hata likiwa limelala wiki nzima, na injini imetulia gari likiwa limesimama. Sababu yangu kuu ilikuwa ubora wa spea: pointi na kondensa zinazouzwa sasa hazidumu kama zile za zamani, na kondensa ikifa katikati ya mteremko wa Mai Mahiu huna njia ya kuitengeneza. Hata hivyo sahani ya pointi ya kwanza imo ndani ya buti pamoja na bisibisi yake, kwa kuwa kifaa cha kielektroniki kikifa hufa moja kwa moja, ilhali pointi mtu anaweza kuzisafisha kando ya barabara. Kabureta sikuibadilisha. Ilioshwa, mhimili wake uliolegea ukarekebishwa, gasketi zikawa mpya, basi. Wanaopendekeza kuweka kabureta ya aina nyingine hupendekeza tiba ya ugonjwa ambao mara nyingi ni uvujaji wa hewa kwenye mhimili au petroli chafu.

Kuhusu breki, matairi, taa na mikanda ya usalama sina subira na wanaotetea asili kwa gharama ya uhai wa watu. Mipira ya breki huzeeka kutoka ndani. Kwa macho huonekana mizima, huku ndani imevimba na kuziba njia ya mafuta hata gari likawa linavuta upande mmoja. Nimebadilisha mipira yote, nimefungua mabomba na silinda za magurudumu, na mafuta ya breki yatakuwa yakibadilishwa kila baada ya miaka miwili kwa sababu huvuta unyevu wa hewa. Mfumo wenyewe nimeuacha kama ulivyobuniwa, kwani diski za mbele pamoja na servo yake, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, zinatosha kabisa kwa gari la uzito huu. Matairi ni ya kisasa, ya kipimo cha kiwanda, yaani 175 kwa rimu za inchi 14. Rimu pana zinazotokeza nje ya bodi huharibu umbo, huupa usukani uzito na huchosha beringi. Katika mabadiliko yote ninayoyaona barabarani, hayo ndiyo yanayolipora gari hili raha yake nyingi zaidi kwa faida ndogo kabisa. Kwenye taa nilitafuta nguvu bila kubadilisha sura: umeme wa taa kubwa sasa unapita kwenye relei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, zilizofichwa nyuma ya fremu ya rejeta, badala ya kupita kwenye swichi ya zamani iliyokuwa ikipata moto, na mwanga umeongezeka kwa kiasi kinachonishangaza hadi leo ingawa balbu ni za nguvu ya kawaida. Mikanda ya viti vya nyuma haikuwapo. Nimeiweka kwa boliti zenye sahani pana za chuma chini ya sakafu, kwa sababu abiria wangu wa nyuma ni watoto.

Kuna jambo moja ambalo nalipinga kwa nguvu zote, nalo ni kung'oa injini ya Peugeot na kuweka ya Toyota au Nissan. Naelewa lilianzaje. Katika miaka ambayo spea za Peugeot zilikuwa ghali na injini zilizotumika kutoka Japani zikiuzwa kila mtaa, mwenye gari la kazi alitafuta riziki yake, na hakuna wa kumlaumu. Leo hali ni tofauti kwa mtu anayelinunua gari hili kwa mapenzi. Kubadilisha injini kunadai kukata fremu, kutengeneza vishikio vipya na kuachana na lile bomba la propela shafti, na hapo mpangilio mzima wa nyuma unavurugika. Kinachobaki ni bodi ya 504 yenye mwendo usiokuwa wa gari lolote. Fedha hizohizo zingetosha kufanyia ovaholi injini yake halisi kwa seti mpya ya laina na pistoni. Na faida ya laina zinazotoka ni kwamba bloku haihitaji hata kuchongwa.

Bodi ndiyo itakayoamua kama gari unalolitazama ni la kununuliwa. Kagua viungo vya chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya buti chini ya zulia, pembe za chini za kioo cha mbele, na hasa pale ambapo springi za mbele zinashikwa juu ndani ya boneti. Kutu ya mahali hapo pa mwisho ni ya hatari, na kuirekebisha vizuri kunahitaji mchomeleaji hodari pamoja na vipimo sahihi. Gari lililokaa Nyeri au Nakuru maisha yake yote kwa kawaida huwa na bodi nzuri kuliko lililokaa Nyali au Malindi, ambako upepo wa bahari hufanya kazi mchana na usiku. Langu lina rangi ya kwanza karibu kote, imefifia kwenye paa, na boneti ilipakwa upya zamani kwa rangi isiyolingana vizuri. Nimeshauriwa mara nyingi nilipake lote. Nimekataa, kwa sababu rangi ya kiwandani huwepo mara moja tu, na ikishakwanguliwa hakuna pesa ya kuirudisha. Nimepaka nta ndani ya viungo vya chini na ndani ya milango kuzuia kutu, kazi isiyoonekana na yenye maana kuliko rangi yoyote ya kung'aa. Anayelitayarisha gari kwa ajili ya Africa Concours d'Elegance, mashindano ya uzuri wa magari yanayofanyika pale Ngong Racecourse, huenda akaamua tofauti, na ana haki yake. Mimi ninazungumzia gari litakalopigwa changarawe wikendi ijayo.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoundwa mwaka 1966, lina hati yake ya Turin inayoeleza kanuni za kutunza magari haya, na kanuni mbili nimezifuata kama sheria ya nyumba. Ya kwanza ni kwamba badiliko linalohitajika kwa ajili ya matumizi liwe dogo na liweze kutenguliwa. Ya pili ni kwamba sehemu za asili zilizotolewa zihifadhiwe pamoja na gari. Nilizifuata hata kabla ya kuzisoma, kwa sababu ya msimamo wa fundi wangu, mzee aliyejifunza kazi kwenye magari haya yalipokuwa mapya, ambaye hatupi kitu na huandika kila alichokifanya katika daftari la karatasi. Hati hiyohiyo inatambua kwamba gari hutunzika kwa kutumiwa. Kwa upande wa 504 hilo ni kweli kabisa: likikaa, mihuri ya maji hukauka, kabureta hujaa uchafu, breki hushikana.

Spea si tatizo kubwa kama inavyodaiwa, ila hazinunuliwi kwa haraka. Maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, bado yana bushi, mikanda, vitu vya breki na vya klachi, na wauzaji wakongwe wanajua tofauti ya toleo moja na jingine bila kufungua kitabu. Ukienda huko beba kipuri cha zamani mkononi, kwa sababu boksi lenye jina sahihi mara nyingi huwa na kitu kisicho sahihi. Mipira ya milango, taa za nyuma na vitu vya ndani ndivyo vigumu kupata. Kwa hivyo agiza Ulaya, ambako magari zaidi ya milioni tatu yaliyotengenezwa duniani yameacha soko lililo hai la wapenzi wake. Kuhusu bima, kampuni nyingi huona gari la umri huu kama chuma chakavu. Tafuta ripoti ya thamani kutoka kwa mthamini anayekubalika, yenye picha, kabla ya kujaza fomu yoyote.

Na gari lenyewe barabarani? Viti vinakushika kama sofa ya sebuleni, na mashimo ambayo ungeyakwepa kwa gari dogo la Kijapani unayapita ukiendelea na mazungumzo. Kwenye kasi ya kilomita 80 hadi 90 kwa saa ndipo lilipo nyumbani. Ukipita 100 injini hulalamika kwa kukosa gia ya tano, na wako wanaofunga giaboksi ya gia tano ya Peugeot 505 kwa sababu hiyo. Sitafanya hivyo, lakini simkatazi anayesafiri Mombasa kila mwezi, mradi giaboksi ya kwanza aiweke vizuri. Hakuna kiyoyozi, na madirisha madogo hayasaidii sana jua la Voi. Usukani ni mzito ukiegesha. Breki zinataka mguu wenye nia. Hayo ndiyo mapungufu ya kweli, na hakuna hata moja linalozuia matumizi ya kila wiki.

Kwa anayetafuta la kununua, ushauri wangu ni sedani ya petroli yenye kabureta. Toleo la sindano za mafuta lina nguvu zaidi, lakini pampu yake ya kimakanika inahitaji mtaalamu ambaye ni nadra kumpata, na gari likisimama kwa kumkosa fundi halitumiki tena. La dizeli ni jasiri na la polepole, linamfaa mwenye shamba. Lipa zaidi kwa bodi safi yenye injini iliyochoka kuliko kwa injini iliyopakwa rangi ndani ya bodi yenye kutu. Na kabla ya kukabidhi fedha, mwombe muuzaji akuonyeshe vitu vilivyotolewa kwenye gari: feni, thermostati, rimu za kwanza, redio. Mwenye kuvitunza atakuwa amelitunza na gari, na hata kama bei yake iko juu kidogo, hapo ndipo ninapoweza kukuambia ununue.